Mpira unaopanda hausukumwi na kitu: dhana potofu za fizikia miongoni mwa wanafunzi wa uhandisi

Kila mwaka ninapoanza kufundisha fizikia kwa wanafunzi wapya wa uhandisi, huwapa swali moja lisilohitaji hesabu. Mpira umerushwa wima, umeshatoka mkononi na bado unapanda. Chora kani zote zinazousukuma au kuuvuta wakati huo, ukipuuza ukinzani wa hewa. Jibu ni mshale mmoja tu, wa uzito, unaoelekea chini. Juma lililopita nilisahihisha rundo jipya la karatasi hizo, na karatasi baada ya karatasi nikakuta mshale wa pili unaoelekea juu, umenyooshwa kwa rula, mrefu kuliko ule wa uzito, na pembeni yake pameandikwa "kani ya mwendo". Wengi wa waliouchora mshale huo walikuwa wameieleza vizuri sheria ya kwanza ya Newton, kwamba kitu kisichosukumwa wala kuvutwa hubaki kimetulia au huendelea moja kwa moja kwa kasi ileile, katika ukurasa uleule. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya kosa lenyewe, kwa sababu linaonyesha kwamba sheria wameikariri neno kwa neno bila kuiamini.

Dhana yenyewe ni kwamba kitu kikiwa mwendoni ni lazima pawepo kani inayokisukuma kuelekea kule kinakokwenda. Ukweli ni kwamba kani haihitajiki ili mwendo uwepo. Inahitajika ili mwendo ubadilike, yaani kitu kiongeze kasi, kipunguze kasi au kigeuze mwelekeo. Ninaposema hivyo darasani wote huitikia kwa vichwa, kisha wakirudi kwenye karatasi mshale unarudi nao. Kwa hiyo siku hizi sitoi maelezo kabla hatujaandika namba.

Tuchukue mpira wenye tungamo la kilo 0.2, uliotoka mkononi kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde. Baada ya nusu sekunde velositi yake, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake, ni mita 7.1 kwa sekunde kwenda juu. Baada ya sekunde moja ni 2.2, baada ya sekunde moja na nusu ni 2.7 kwenda chini. Baada ya sekunde mbili ni 7.6 kwenda chini. Toa namba moja kutoka katika nyingine na utaona kwamba kila nusu sekunde velositi imebadilika kwa mita 4.9 kwa sekunde, daima kuelekea chini, bila kujali kama mpira unapanda, umefika kileleni au unashuka. Badiliko lisilotofautiana hata kidogo linatokana na kani isiyotofautiana, nayo ni uzito wa mpira, takriban nyutoni 1.96 (nyutoni ni kipimo cha kani). Hakuna nafasi iliyobaki katika namba hizo ya kuiweka kani nyingine.

Sasa mgeukie mwanafunzi aliyechora mshale mrefu wa juu na umwombe aufuate mshale wake hadi mwisho. Ikiwa kani ya juu inauzidi uzito, basi jumla ya kani inaelekea juu, na mpira ulioachwa na mkono ungezidi kuongeza kasi kila unavyopanda. Hakuna aliyewahi kuuona mpira wa namna hiyo. Wapo wanaojitetea kwamba kani hiyo hupungua polepole, ikalingana na uzito pale kileleni na kuzidiwa baadaye. Lakini kama kani mbili zingelingana kileleni, ambako velositi ni sifuri, mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa velositi, nao ungekuwa sifuri, na mpira ungebaki umening'inia hewani. Mpira hauning'inii kwa sababu velositi ni sifuri kwa kitambo kisichopimika, ilhali mchapuko pale kileleni ni uleule wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kuchanganya velositi na mchapuko ni mzizi wa pili wa kosa hili, na mwalimu anayeupuuza atakata matawi tu.

Ninakubali kwamba lugha yetu ya kila siku inachangia. Tunasema mpira umepigwa kwa nguvu, kisha tunasema mpira una nguvu, kana kwamba kile alichokuwa nacho mpigaji kimehamia ndani ya mpira na kusafiri nao. Neno nguvu hubeba kwa pamoja maana ambazo fizikia imezitenganisha kwa makusudi: kani, nishati, momenta na hata uwezo wa mashine. Mpira wetu unapotoka mkononi una momenta (tungamo mara velositi) ya kilogramu-mita 2.4 kwa sekunde na nishati ya mwendo ya jouli 14.4. Hivyo ndivyo vitu unavyosafiri navyo. Kani haisafiri na kitu wala haihifadhiwi ndani yake. Kani ni tendo baina ya vitu viwili na huisha tendo linapoisha. Ikiwa mkono uliusindikiza mpira kwa umbali wa mita 0.6 kabla ya kuuachia, kani ya mkono ilikuwa wastani wa nyutoni 26 hivi, kisha ikawa sifuri mara tu vidole vilipoachana na mpira, wala si sekunde moja baadaye.

Siwalaumu wanafunzi kwa kuwaza hivyo, kwa maana wamewazia mahali walipowazia watu wenye akili kubwa. Aristotle alifundisha kwamba kitu kilichorushwa huendelea kwa kusukumwa na hewa, na katika karne ya 14 Jean Buridan wa Paris akaeleza kwamba mrushaji hukitia kitu msukumo unaokaa ndani yake, maelezo yanayofanana sana na ile "kani ya mwendo" ya karatasi zangu. Ilichukua kazi ya Galileo, na hatimaye sheria ambazo Newton alizichapisha mwaka 1687, kuiondoa fikra hiyo. Ugumu wake unatokana na msuguano: ukisukuma meza na kuacha, meza husimama, nasi hudhani imesimama kwa kukosa kani wakati ukweli imesimamishwa na kani. Pale ambapo msuguano haupo jambo huwa wazi. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, nacho kinaendelea kulikimbia Jua kwa takriban kilomita 17 kwa sekunde bila injini yoyote kukisukuma; kani pekee ya kuhesabika ni mvutano wa Jua, unaokivuta kurudi nyuma.

Kwa mhandisi kosa hili si la kupoteza alama mbili za mtihani tu. Chukua lifti ya kilo 800 iliyoning'inia kwenye kebo, tukiacha kando uzito wa kusawazisha. Uzito wake ni nyutoni 7,840. Mwenye dhana potofu atakwambia kwamba lifti ikipanda kwa kasi isiyobadilika kebo huvuta zaidi ya uzito, na ikishuka kebo hupumzika. Si kweli, katika hali zote mbili kebo huvuta nyutoni 7,840 kamili, kwa sababu mchapuko ni sifuri. Lifti inayopanda huku ikipunguza kasi kwa mita 1.5 kwa sekunde kwa sekunde huvutwa kwa nyutoni 6,640 tu, pungufu ya uzito wake, na bado inapanda. Ile inayoshuka na kufunga breki kwa kiwango hicho huibebesha kebo nyutoni 9,040. Kebo hutaabika lifti inaposhuka na kusimamishwa, na mtu anayeamini kwamba kani hufuata upande wa mwendo atautafuta mzigo mkubwa mahali usipokuwepo.

Dawa ninayoisisitiza, na ninaisisitiza mpaka wanafunzi wanachoka kunisikia, ni hii: kila mshale uwe na mwenyewe. Kabla ya kuchora kani, andika nani anamfanyia nani: Dunia inavuta mpira, kebo inavuta lifti, sakafu inasukuma kreti. Ukishindwa kumtaja anayevuta au kusukuma, futa mshale huo hata kama moyo unakataa. "Kani ya mwendo" haina mwenyewe. Mkono umeshaachia, hewa tumeipuuza, na mpira hauwezi kujisukuma. Nimewaona wanafunzi walioshindwa na mihadhara mitatu wakikubali ndani ya dakika moja baada ya kubaki na kalamu hewani wakimtafuta mwenye mshale.

Kanuni hiyohiyo humaliza mabishano kuhusu kona. Abiria anayelalia mlango gari linapokata kona hudai kuna kani inayomtupa nje. Nani anamtupa? Hakuna. Mwili wake ulikuwa ukiendelea moja kwa moja, na mlango ndio unaomsukuma kuelekea ndani ya kona. Anayetaka kufanya hesabu akiwa ndani ya kitu kinachozunguka anaruhusiwa kuongeza kani ya kubuni, mradi ajue kwamba ameibuni. Mwaka wa kwanza ninashauri asiiguse kabisa.

Dhana inayofuata inahusu sheria ya tatu ya Newton, kwamba kitu kikisukuma au kuvuta kingine, hicho kingine nacho hukirudishia kani sawa iliyo kinyume. Wengi hudhani kani hizo mbili hufutana, na hivyo trekta haiwezi kulivuta tela kwa kuwa tela nalo linaivuta trekta nyuma kwa kani ileile. Kani hizo ni sawa kweli, lakini moja ni ya tela na nyingine ni ya trekta, na kani za vitu viwili tofauti haziingii katika jumla moja. Trekta inasonga mbele kwa sababu ardhi inayasukuma magurudumu yake mbele zaidi ya tela linavyoivuta nyuma. Kosa la jirani yake ni kudhani kwamba uzito wa kitabu na kani ya meza inayokibeba ni jozi ya sheria ya tatu. Zote mbili zinakihusu kitabu, kwa hiyo si jozi. Mwenzake uzito wa kitabu ni kitabu kuivuta Dunia kwenda juu.

Kani ambayo sakafu hukisukumia kitu nayo hudhaniwa kuwa daima sawa na uzito, kwa sababu mifano ya kwanza ya vitabu huwa hivyo. Kreti ya kilo 20 ikivutwa kwa kamba yenye kani ya nyutoni 100 iliyoinuka nyuzi 30 juu ya mlalo, kamba hubeba nyutoni 50 za uzito huo na sakafu hubakiwa na 146 badala ya 196. Kwa kizigeu cha msuguano (uwiano wa msuguano na kani ya sakafu) cha 0.4, msuguano wa kreti inapoteleza ni nyutoni 58.4, wala si 78.4. Na tafadhali msuguano usichorwe kinyume cha mwendo kwa mazoea: msuguano hupinga nyuso mbili kuteleza, na ndio unaolisukuma gari mbele pale magurudumu yanayoendeshwa na injini yanapokanyaga barabara.

Kuhusu vitu vizito kuanguka upesi, inatosha kukumbuka kwamba mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya Mwezini na vikatua pamoja. Hata hivyo anayekariri kwamba vitu vyote huanguka sawa anapaswa kuongeza "pasipo hewa", kwa kuwa ndani ya hewa mpira wa chuma huushinda ule wa povu wenye ukubwa uleule. Wanaanga nao hawaelei kwa kukosa mvutano wa Dunia. Katika kimo cha takriban kilomita 400, kinapozunguka kituo cha kimataifa cha anga, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa usoni mwa Dunia. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja.

Muhula wa umeme unapoanza, dhana ileile ya kitu kinachobebwa na kupungua njiani hurudi kwa sura nyingine: mkondo wa umeme hutumika kwenye balbu, na unaorudi kwenye betri ni mabaki. Betri ya volti 6 ikiunganishwa na balbu ya omu 12, ampita (kifaa cha kupimia mkondo) iliyowekwa kabla ya balbu itasoma ampea 0.5, na ile iliyowekwa baada ya balbu itasoma ampea 0.5 pia. Kinachoachwa kwenye balbu ni nishati, jouli 6 kwa kila kulombi (kipimo cha chaji) inayopita, na chaji yenyewe hurudi yote. Balbu mbili zinazofanana zikipangwa mfululizo huwaka kwa mwanga mmoja, na haijalishi ipi iko karibu na ncha chanya. Kama mkondo ungeliwa njiani, wahandisi wangekuwa wanachagua waya mwembamba zaidi kwa ajili ya kurudi. Hawafanyi hivyo, kwa sababu waya huo unabeba ampea zilezile zilizopita katika waya wa kwendea.