Maziwa hayamponyi nyoka

Omieri, chatu wa Nyakach kando ya Ziwa Victoria, alipoungua kwa moto wa vichaka mwaka 1987, habari zake zilifuatwa nchi nzima. Hata leo, chatu akiokotwa Kisumu na jeraha, kuna atakayeleta maziwa na kuku "apate nguvu".

Maziwa si chakula chake. Nyoka hanyonyeshi wala hanyonyi, na tumbo lake halikuumbwa kuyasaga. Akiwa na kiu atayanywa kweli (hapo ndipo watu huamini yamemfaa), kisha huenda akaharisha na kuzidi kukaukiwa.

Kuku naye angoje. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake wenyewe, hulipata nje. Akiwa na baridi, chakula hakisagiki, huoza tumboni mpaka akitapike. Chatu mzima hukaa wiki kadhaa bila kula, kwa hiyo njaa si dharura. Anachohitaji ni maji safi, utulivu na joto: upande mmoja wa sanduku nyuzi 30 hivi, mwingine poa, ajichagulie. Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, usiku wake haufai bila kifaa cha kupasha joto. Tandika magazeti, vumbi la mbao hunata kidondani.

Dawa ni kazi ya daktari wa mifugo. Kidonda kikubwa cha moto huchukua miezi, ngozi ikitengenea kidogo kidogo kila anapojivua gamba.

Na kumfuga bila kibali cha KWS (shirika la serikali ya Kenya la wanyamapori) ni kosa, hata ukiwa umemwokoa.