Mgomo wa 1994 Haukuihamisha Expos

Bado watu wanaandika kwamba Montreal Expos, timu ya besiboli ya Kanada iliyocheza ligi kuu ya Marekani, ilikufa tarehe 12 Agosti 1994, wachezaji walipogoma timu ikiwa na ushindi 74 na vipigo 40, rekodi iliyozishinda timu zote za ligi kuu. Eti fainali zikafutwa, Montreal ikasusa, timu ikahamia Washington. Simulizi hiyo inaruka miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo ndimo kila kitu kilipotokea.

Tazameni mahudhurio. Mwaka 1993, kabla ya mgomo, msimu mzima uliingiza watazamaji milioni 1.64. Mwaka 1996 wakaingia milioni 1.62. Huko ndiko kususa? Idadi iliporomoka chini ya milioni moja mwaka 1998, baada ya klabu kumpeleka mtupaji Pedro Martínez Boston, akiwa ametoka tu kutwaa Cy Young, tuzo ya mtupaji bora. Kabla ya hapo, Aprili 1995, wachezaji Ken Hill, John Wetteland na Marquis Grissom walikuwa wameshaondolewa ndani ya siku chache, na Larry Walker akaenda Colorado bila Expos kupata chochote. Mashabiki walivumilia mgomo. Kuuziwa kikosi kizima mara mbili hawakuvumilia.

Ndiyo, fedha zilibana: mapato yalikuwa dola za Kanada, mishahara dola za Marekani. Uwanja wa Olimpiki nao ulikuwa mzigo. Septemba 1991 lilianguka pande la zege la tani 55, na mechi za nyumbani zilizobaki zikachezwa ugenini. Kama uwanja mpya wa katikati ya jiji, Labatt Park, ungeiokoa timu, mimi nina shaka. Dola dhaifu ya Kanada ingebaki pale pale.

Jeffrey Loria aliingia katika umiliki wa klabu Desemba 1999 akiwa na karibu robo ya hisa. Alipoitisha nyongeza ya mtaji, wenzake wa Kanada hawakuchangia, na kila walipokataa hisa zao zilipungua, hadi yeye akamiliki zaidi ya asilimia 90. Msimu wa 2000 hapakuwa na matangazo ya redio kwa Kiingereza. Timu isiyosikika inauzaje tiketi?

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu huipitia juu juu. Novemba 2001 wamiliki wa klabu za ligi walipiga kura 28 kwa 2 kufuta timu mbili. Expos na Minnesota Twins ndizo zilizotajwa, lakini mahakama ya Minnesota iliilazimisha Twins icheze msimu wa 2002 katika uwanja wake, mpango ukakwama. Ligi ikainunua Expos kwa dola milioni 120. Loria akanunua Florida Marlins na kuondoka na benchi la ufundi pamoja na ripoti za maskauti. Kuanzia hapo Expos ilikuwa mali ya wapinzani wake 29, yaani klabu nyingine zote za ligi. Bajeti yake ilipangwa na watu ambao kila ushindi wake uliwaumiza.

Matokeo yake yalionekana 2003. Mechi 22 za nyumbani zilihamishiwa San Juan, Puerto Rico, na bado mwishoni mwa Agosti timu ilikuwa kwenye mbio za kufuzu mtoano. Wakati huo, Septemba mosi kila klabu iliruhusiwa kupanua kikosi kutoka wachezaji 25 hadi 40: watupaji wabichi wa kupumzisha waliochoka, wakimbiaji wa akiba. Expos ilinyimwa fedha za kuwapandisha. Nyota wao Vladimir Guerrero na wenzake wakamaliza msimu bila nguvu mpya, dhidi ya timu zilizojaza benchi. Huo ulikuwa uamuzi wa ofisini, uliofanywa miaka tisa baada ya mgomo.

Tarehe 29 Septemba 2004 uhamisho ulitangazwa, na jioni hiyo hiyo watu zaidi ya 31,000 walikuja kutazama mechi ya mwisho Montreal. Aprili 2005 timu ilianza kucheza kwa jina la Nationals, katika uwanja wa RFK mjini Washington. Washington ilikubali kujenga uwanja mpya kwa fedha za umma, na mwaka 2006 ligi iliiuza timu kwa familia ya Lerner kwa dola milioni 450.