Msukumo binafsi katika maamuzi ya viongozi wa biashara

Kampuni inapotangaza kwamba inainunua nyingine au inaingia nchi mpya, taarifa kwa waandishi wa habari hutaja soko, ushindani na faida. Msukumo binafsi ni zile sababu ambazo taarifa hiyo haizitaji: mtendaji mkuu hataki kushindwa na mpinzani wake, anatamani kuacha jina kabla ya kustaafu, au bonasi yake hupanda kadiri kampuni inavyonenepa.

Mwaka 1976 wanauchumi Michael Jensen na William Meckling walieleza kwamba meneja anayeendesha mali ya wanahisa ana maslahi yake mwenyewe, na si kila mara hulingana na yao. Mwaka 1986 mwanauchumi mwingine, Richard Roll, akaongeza jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kiongozi anaweza kulipa bei ya kupindukia bila ulafi wowote, kwa sababu tu anaamini kwa dhati kwamba ameona thamani ambayo soko zima halijaiona.

Tazama mwaka 2007. Royal Bank of Scotland (RBS), ikiongozwa na Fred Goodwin, ilikuwa ikishindana na benki ya Barclays kuinunua ABN AMRO, benki ya Uholanzi. Kilichoivutia RBS zaidi kilikuwa LaSalle, benki ya ABN AMRO iliyokuwa Chicago. Mvutano ukiwa bado unaendelea, LaSalle ikauzwa kwa Bank of America. Sababu kubwa ya kununua ikawa imeondoka, lakini RBS haikuondoka. Kwa ubia na benki za Fortis na Santander, ikakamilisha ununuzi wa takriban euro bilioni 71. Ripoti ya wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza, iliyotoka Desemba 2011, ilieleza kwamba taarifa ambazo RBS ilipewa ili kuikagua ABN AMRO zilikuwa majalada mawili na sidii moja. Majalada mawili, kwa benki nzima! Mwaka 2008 RBS ikapata hasara ya pauni bilioni 24, na hadi mwisho wa 2009 serikali ilikuwa imemwaga humo takriban pauni bilioni 45 za walipa kodi.

Moyo wa Goodwin hakuna awezaye kuusoma, na bodi yake iliridhia. Ndiyo maana napendelea kipimo kinachoonekana kwa macho: sababu iliyotangazwa ikitoweka, uamuzi nao unabadilika? Ukibaki palepale, tafuta kingine kinachousukuma.

Si kila msukumo wa namna hii ni mbaya. Septemba 2022 Yvon Chouinard, mwanzilishi wa Patagonia, kampuni ya mavazi ya Marekani, alitangaza kwamba yeye na familia yake wameuachia umiliki wa kampuni, ili faida isiyohitajika kwenye biashara itumike kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Lakini aliisema nia yake hadharani, na mali ilikuwa yao. Anayeendesha mali ya wengine anahitaji bodi inayoandika mapema, kabla mnada haujapamba moto, bei ya mwisho na mambo yatakayoifanya ijitoe.