Roboti Darasani: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Dhana: Somo la binadamu na roboti halifundishiki bila roboti ghali yenye sura ya mtu.

Katoni tupu, bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoendesha roboti), kihisi umbali cha HC-SR04 na mota mbili za servo, yaani zinazogeuka hadi pembe unayotaka, aina ya SG90 vinatosha, na madukani Luthuli Avenue, Nairobi, hutavikosa. Kinachochunguzwa hapa ni mwenendo wa mtu mbele ya mashine: anasimama umbali gani, anavumilia sekunde ngapi bila jibu, anaendelea kuiamini ikikosea? Wagawe wanafunzi watano watano. Mmoja anazungumza na roboti, wa pili anashika saa, wa tatu anapima kwa futikamba, wa nne anaandika, na wa tano anajificha nyuma ya pazia akiiendesha kwa kibodi. Hata watafiti hutumia mbinu hiyo ili kujaribu wazo kabla ya kuandika programu. Zoezi likiisha, aliyezungumza na roboti aelezwe kwamba kulikuwa na mtu nyuma ya pazia.

Dhana: Roboti ikizima na kuwaka yenyewe, programu ina kosa.

Kabla ya kugusa programu, angalia umeme. Mota ya SG90 ikikwama huweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, ilhali USB ya kawaida ya kompyuta hutoa miliampea 500 tu. Volti zinashuka, bodi inaanza upya, na wanafunzi wanapoteza kipindi kizima wakisaka kosa lisilokuwepo. Zipe mota betri zake, AA nne, kisha unganisha waya hasi wa betri na GND ya bodi, yaani tundu lake la hasi. Waya huo ndio husahaulika zaidi, na ukikosekana mota hutetemeka ovyo.

Kihisi nacho kina vituko vyake. Hupima kuanzia sentimita 2 hadi 400 kwa mwangwi, na sweta nzito ya shule hunyonya sauti. Chukua vipimo vitano, tumia cha katikati.

Dhana: Roboti ikijibu kwa ufasaha, imeelewa.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza ELIZA, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, na bado watu waliifungulia moyo. Mifumo ya leo ina uwezo mkubwa zaidi, lakini ufasaha pekee si ushahidi. Waache wanafunzi waiulize mifumo hiyo kwa Sheng ya mtaani kwao, kisha wahakiki kila jibu.

Dhana: Ukiwa na picha nyingi, akili unde haitakosea.

Picha 200 za mkono ulioinuliwa, zote mbele ya ukuta mmoja mweupe, huifundisha ukuta. Kwa Teachable Machine, zana ya Google ya kufunza akili unde kwa picha, tumia wanafunzi kumi, kuta tofauti, mwanga wa asubuhi na wa jioni. Wengine wawili wasipigwe picha za kufunzia kabisa. Hao ndio wa kuijaribia. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha uzito wa jambo hili: mifumo ya kutambua jinsia kwa uso ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na isiyozidi 0.8 kwa wanaume weupe.

Picha za watoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Teachable Machine hufunza ndani ya kivinjari, na picha hubaki kwenye kompyuta yako usipozihifadhi mtandaoni; kwa hiyo usihifadhi mradi kwenye Google Drive, na ufute picha kipindi kikiisha.