Rais anayeondoka hukata majina, hateui mrithi

Juzi tena kijana mmoja darasani alisimama akasema bila kusita kwamba mrithi huamuliwa na rais anayeondoka, na mkutano mkuu kazi yake ni kupiga makofi. Nafundisha siasa za vyama, na kauli hii nimeisikia kwa wahariri, kwa madiwani, hata msibani. Nimechoka kuijibu kwa mdomo.

Twende Dodoma, Julai 2015. Wana-CCM 38 walirudisha fomu za kuomba kugombea urais. Kamati Kuu, chujio la kwanza, chini ya Kikwete, mwenyekiti wa chama na rais aliyekuwa anaondoka, ikabakiza watano: Magufuli, Migiro, Amina Salum Ali, Membe na January Makamba. Edward Lowassa, mwenye mtandao mpana kuliko wote, jina halikurudi. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe wakajitokeza mbele ya waandishi kuukana uamuzi huo, na ukumbini baadhi ya wajumbe wakaimba kwamba wana imani na Lowassa.

Sasa tazameni jambo ambalo wengi hulipita mbio. Aliyetajwa mitaani kuwa chaguo la Kikwete alikuwa Membe, waziri wake wa mambo ya nje. Halmashauri Kuu, chujio la pili, ilipobakiza watatu, Membe hakuwemo. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli zaidi ya asilimia 87 ya kura. Nguvu ya Mwenyekiti iliyoonekana wazi pale ni ya kuzuia: nani asifike kwenye kura. Kumzuia mtu na kumpitisha mtu ni kazi mbili tofauti, na ya pili ni ngumu mara kumi. Hata hiyo ya kwanza ina gharama: Lowassa alihamia Chadema, chama cha upinzani, na katika uchaguzi wa Oktoba akapata karibu asilimia 40.

Kosa lingine ni kudhani nguvu hii inatoka Ikulu. Inatoka kwenye kiti cha chama, na wakati mwingine haitoki hata hapo. Mwaka 1995 rais na mwenyekiti alikuwa Mwinyi. Aliyembeba Mkapa, aliyepata tiketi ya urais ya CCM, ni Nyerere, ambaye uenyekiti alishauachia mwaka 1990. Katika kura za chama Kikwete aliongoza raundi ya kwanza, Mkapa akashinda ya pili. Rais aliyekuwa anaondoka, katika hadithi hiyo, hata hatajwi sana.

Kenya inaonyesha yanayotokea chujio la chama likiwa dhaifu. Mwaka 2002 Moi alimsimamisha Uhuru Kenyatta. Vigogo wa KANU, chama cha Moi, wakatoka, wakaungana na Kibaki, na Uhuru akapata asilimia 31 dhidi ya 62. Miaka 20 baadaye Uhuru mwenyewe, naye akiwa anaondoka, akampigia debe Raila. Mlima Kenya, nyumbani kwake, wakampa Ruto kura. Dola yote ilikuwa mkononi mwa marais hao wawili. Waliokosa ni watu wa kuwafuata.

Kuna mahali hoja yangu inanisumbua, nami sitaificha. Ukikata majina yote isipokuwa moja, umeteua. Huenda Kikwete lengo lake lilikuwa Lowassa asipite tu, na Magufuli akanufaika na nafasi iliyobaki. Huenda pia Magufuli alikuwa hesabu yake tangu mwanzo na Membe alikuwa kivuli. Ushahidi wa nje unakubali tafsiri zote mbili. Mimi naegemea ya kwanza, kwa sababu ya zile nyimbo ukumbini: mtu mwenye uhakika na jina lake haachi kikao kifike hapo.

Na kijana wangu, ukitafuta mrithi, acha kuangalia anayeondoka, angalia mgombea mwenza. Katika mkutano ule ule wa Dodoma Samia Suluhu Hassan alitangazwa mgombea mwenza wa Magufuli, na macho ya wengi yalikuwa kwa Lowassa. Tarehe 19 Machi 2021, baada ya kifo cha Magufuli, ibara ya 37(5) ya Katiba, inayompa makamu wa rais kiti rais akifariki, ndiyo iliyomwapisha.