Nguvu ya kung'oa: kwa nini kivuli cha mbele hupaa badala ya kuanguka

Mtu akitaka kufunga kivuli cha turubai au bati mbele ya nyumba ya mbao, swali lake la kwanza huwa ni uzito: ukuta utabeba? Uzito ni sehemu ndogo ya kazi. Huku Mwanza kandokando ya Ziwa Victoria, Kirumba hadi Igombe na Kayenze, cha kuogopa zaidi ni nguvu ya kung'oa, yaani ile inayochomoa skrubu kwenye mbao kwa njia ileile iliyoingilia.

Chanzo chake ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani, hujaa chini ya kivuli na kukisukuma juu. Ule unaopita juu yake nao hukinyonya. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 4. Dhoruba ya kilomita 70 kwa saa hukandamiza kila mita ya mraba kwa takribani kilo 20. Kivuli cha mita 3 kwa 2 basi huweza kuvutwa kama kilo 120, na chenyewe ni chepesi kuliko hapo.

Halafu kuna wenzo. Kivuli kimetokeza mita 2, lakini bamba lake la ukutani lina kimo cha sentimita 20 tu. Nguvu iliyo katikati ya kivuli, mita 1 kutoka ukutani, hufika kwenye bolti ikiwa imezidi mara 5. Ndivyo nyundo ya makucha inavyong'oa msumari wa inchi 4 bila mtu kutoka jasho. Upepo ukinyanyua, zinazovutwa ni bolti za chini. Maji ya mvua yakituama juu ya turubai, zamu ni ya zile za juu.

Sasa, ukuta wa mbao ni mbao nyembamba nje na uwazi ndani. Skrubu iliyouma ubao wa nje peke yake haijashika kitu, na plagi za plastiki ni za ukuta wa tofali. Lazima ufike kwenye nguzo za fremu, zile za inchi 2 kwa 4. Fuata mstari wa vichwa vya misumari utazipata. Mara nyingi zimeachana sentimita 40 hadi 60, ila kila fundi ana vipimo vyake, kwa hiyo usikisie. Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, usiiguse kabisa: nayo imepigiliwa tu kwenye ncha za kenchi.

Mikono ya kivuli ni nadra kuangukia penye nguzo. Laza ubao mnene ukatize nguzo 3 au 4, uufunge kwa bolti zinazotokeza upande wa ndani, zenye washa pana na nati. Skrubu hutegemea meno yake. Bolti ya namna hii hubana mbao kutoka nyuma. Toboa kwanza kwa drili, mbao isipasuke.

Mimi napendelea kuongeza nguzo mbele, mradi zifungwe chini, maana nguzo iliyosimamishwa tu juu ya ardhi hupaa pamoja na kivuli. Mwanza shimo mara nyingi hugonga jabali. Hapo toboa jiwe, chomeka nondo, mimina zege. Matundu ya ukutani yazibe kwa silikoni, maji yasiozeshe fremu. Mbao mbichi husinyaa ikikauka, kwa hiyo kaza nati upya baada ya kiangazi cha kwanza.