Nzi Wamejaa Ndani Msimu wa Baridi: Maswali na Majibu

Tunaishi Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kila ukifika mwezi wa sita nzi wanahamia ndani. Kwa nini?

Wanafuata joto. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa kutetemeka. Nzi akipoa hulegea, hata kuruka kunamshinda. Jikoni kuna moto na mabaki ya chakula, akashindweje kuja?

Wanaleta ugonjwa kweli, au ni kero tu?

Wanaleta. Nzi hatafuni. Hutema mate juu ya chakula, kikilainika hukifyonza, na huacha kinyesi papo hapo. Akitoka chooni hubeba vijidudu vya kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu.

Nikipuliza dawa kila jioni?

Utaua wa leo. Jike hutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja. Kwenye joto, yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Baridi huchelewesha tu. Na hawazaliwi sebuleni. Wanazaliwa kwenye lundo la maganda ya matoke, samadi ya ng'ombe, banda la kuku na choo cha shimo. Zoa taka na samadi mara mbili kwa wiki, uzifukie au uzitandaze shambani zikauke, kabla funza hawajageuka nzi.

Choo ndicho kinachosahaulika. Chenye bomba la hewa kinatakiwa kuwa na giza ndani na wavu juu ya bomba: nzi wa shimoni hufuata mwanga, hupanda bombani na kufia kwenye wavu. Wengi huweka bomba bila wavu, yaani wamewafungulia nzi mlango. Kama hakuna bomba, funika tundu kila mara.

Na ule mfuko wa maji unaoning'inizwa mlangoni ili kufukuza nzi?

Mimi siutegemei. Pesa ya mfuko iongeze kwenye wavu wa dirisha, na chakula kifunikwe.

Mtoto ameshaanza kuhara.

Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi) kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya watampa zinki, ambayo hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Ukiona damu kwenye choo chake, macho yamebonyea, au hawezi kunywa, mpeleke kituoni saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.